Kila Mbwa na Jiwe Lake

Nyanzobe kaenda Geita kumhudumia mzazi,
binti yetu wa mwisho, uzazi wa kwanza,
akaniachia mbwa watatu na chaki mlangoni.
Siyo barua. Ni amri.

Waseme: uji mzito, maini ya kusaga. Hana meno.
Kamishna: kikombe kimoja. KIMOJA.
Tutaonana: asiguse samaki, hata mchuzi wake.
Na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo
kama mtu anayenong'ona mbele ya wageni:
Wewe: bila chumvi.

Asiguse samaki!
Hapa Igogo, ambapo upepo wenyewe una magamba,
ambapo mtoto huujua mwiba kabla ya irabu,
mbwa wangu anavimba masikio kwa dagaa mmoja,
anajikuna mpaka mnyororo unalia
kama sarafu kwenye kopo.
Na mimi miaka ishirini na sita nimesimama kiwandani,
buti hadi magotini, namchuna sangara minofu,
jioni narudi na mapanki begani.
Daktari wa mifugo alipoutaja ugonjwa, nilicheka.
Yeye hakucheka. Akaandika: kuku, wali, maboga.
Kuku! Mimi mwenyewe huyo namwona Krismasi.

Jiko ni moja la mkaa. Masufuria yanapanga foleni
kama wagonjwa wa Bugando, kila mmoja na cheti chake.
Nyumba yetu imeng'ang'ania mlima, choo kimeegemea jabali,
na kila mbwa ana jiwe lake la kulia.
Waseme hula polepole chini ya jiwe lenye ufa,
kama anayesoma kwa miwani ya mtu mwingine.
Kamishna humaliza kabla sahani haijatua,
kisha huinua macho kuuliza
kama ile ilikuwa salamu, au ndicho chakula.
Mimi katikati, mwiko mkononi,
refa wa mechi isiyo na kipenga.

Majina haya tuliwapa majirani, siyo mbwa.
Waseme alikuja mwaka tuliosemwa.
Tutaonana, mwaka wa kesi ya mpaka.
Aliyetushtaki siku hizi hutuazima nyundo.
Hasira zimeisha, majina yamebaki,
na majina yanataka kula.

Wakishamaliza, nakaa kwenye jiwe la nne.
Ugali, mchicha.
Mchicha usio na chumvi
umesahau ulikuja kufanya nini.
Waseme hujikokota, akaketi mbele yangu,
jicho moja lina ukungu, jingine linanihesabia matonge.
Hanyemelei. Ananisimamia,
kama ninavyomsimamia yeye.

Siku ya tisa mvua iliingia kwa ubavu.
Ililamba mlango tangu juu.
Asubuhi nikakuta michirizi myeupe
na neno moja tu limesalia: KIMOJA.
Kamishna alilitazama kwa chuki, naapa.
Mimi nilitazama pale chini, penye mwandiko mdogo.
Pameoshwa. Safi.

Basi nikateremka Mwaloni.
Nikanunua fungu la dagaa, nyanya mbili, kitunguu,
na chumvi, kwa kuwa yetu aliificha nisikojua.
Nikakaanga mpaka wakaanza kuongea kwenye mafuta.
Tutaonana akaacha boga lake.
Hakubweka wala hakutikisa mkia.
Alikuja tu, akaketi kwenye jiwe langu, ubavu kwa ubavu,
akatazama ziwa kana kwamba hana shida na mtu.

Nani angeweza?

Simu ikaita vidole vikiwa bado na mafuta.
"Wamekula?"
Wamekula.
"Waseme?"
Kamaliza wote.
"Na wewe? Bila chumvi?"
Nikameza kwanza. Bila, nikasema, mama, bila kabisa.
Nyuma yangu mnyororo ukaanza: che, che, che.
Geita kukanyamaza.
Hata mtoto mchanga aliyekuwa akilia, akanyamaza.
"Huyo," akasema Nyanzobe, "anajikuna nini?"